Nguzo Niliyoikata Mara Tatu

Vijana wenzangu wa kazi, ninyi mnaobeba sasa ile miguu mitatu ya darubini niliyoibeba miaka ishirini na miwili, mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijaondoka tena. Mnanijua: sikai mahali. Nimepima barabara toka Uvira mpaka Fizi, nimepima mitaro ambayo leo ni njia za bata, na kila nilipozoea ugali wa mahali niliomba kuhamishwa. Sasa daktari amesema jicho langu la kulia limechoka. Nilimwambia lina haki, maana ndilo lililofanya kazi peke yake. La kushoto nimelifumba tangu siku ya kwanza, limepumzika kuliko karani yeyote wa serikali.

Basi nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na sita, na jicho moja jipya kabisa. Sitaandika nilipanda cheo lini, kwa kuwa hata mimi sikumbuki vizuri. Nitaandika juu ya kosa langu moja la kule Baraka. Makosa mengine mtaweza kuyafanya wenyewe bila msaada wangu.

Aliyenifundisha kazi ni Lusambya, mtu wa Ubwari, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kushtua samaki. Nilikuwa nimetoka kwa mapadri na miaka mitatu ya sekondari kichwani, nikidhani kupima nchi ni kazi ya wasiojua kusoma. Lusambya alisimamisha nivo, ile darubini yenye kipovu cha hewa kinachokuambia kama imelala sawa. Halafu akachukua fimbo ndefu yenye namba, akaenda hatua arobaini, akaisimamisha chini.

“Soma,” alisema. Nikasoma. Akashuka ndani ya mtaro, akaisimamisha tena. “Soma.”

Namba ilikuwa kubwa zaidi. Nikapaza sauti kwa furaha kwamba sasa amepanda juu.

“Mi iko ndani ya shimo mpaka kifua,” Lusambya alijibu, “we unasema nimepanda?”

Watu wa kazi walicheka mpaka saa ya chakula. Namba kubwa maana yake nchi iko chini, kwa sababu darubini haishuki pamoja na fimbo; inaendelea kutazama palepale, na kinachopita mbele yake ni sehemu ya juu ya fimbo. Jambo hilo lilinichukua siku mbili kulielewa. Jambo kubwa zaidi la namna hiyohiyo lilikuja kunichukua miaka minne.

Lusambya alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: nguzo ya alama piga mpaka ikatae. Usiache kwa sababu mkono umechoka. Acha kwa sababu nguzo imekataa. Ya pili: kila mwaka anzia kwenye jiwe. Alikuwa na maana ya mwamba fulani kando ya barabara ya Fizi, juu ya kilima, ambao yeye mwenyewe aliuchonga alama ya msalaba kwa tindo. “Nguzo itaguswa na batu,” alisema. “Lile jiwe nani ataligusa?”

Vita kubwa ilikuwa imekwisha miaka sita wakati serikali ilipotaka mpunga na pamba katika bonde la mafunjo karibu na Baraka. Ilikuwa nchi ya maji. Udongo wake ulikuwa mweusi kama masizi, laini, umejaa mizizi iliyooza. Ukikanyaga hapa, mwenzako aliye mbele anatikisika. Tukachimba mtaro mkubwa kwenda ziwani, na midogo mingi kando yake, maji yakaanza kutoka. Katikati ya bonde Lusambya akapigilia bomba la chuma. Lilimeza udongo mweusi kama mtu mwenye njaa. Tukaunga la pili juu yake, tukaunga la tatu, ndipo likakuta udongo mgumu wa mfinyanzi na kukataa. Akalikata kichwa kiwe sawa na nchi ili jembe lisikwame, akapima kimo chake kuanzia kwenye jiwe, akaandika ndani ya rejista. Miezi michache baadaye alihamishwa kusini. Mimi nikapewa bonde, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kufumba jicho moja.

Kiangazi kilichofuata nilirudi na watu wangu wa fimbo, nikaikuta nguzo imesimama nje ya udongo, urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole. Na kwenye nguzo alifungwa mbuzi.

Mwenye mbuzi alikuwa Mama Atosha, mjane aliyekaa ukingoni mwa bonde, katika nyumba ambayo marehemu mume wake, mvuvi, aliijenga juu ya miti mirefu iliyopigiliwa chini sana, kama wanavyofanya watu wasioamini ufuko.

“Mama, hii mbuzi ni ya nani?”

“Iko na kamba yangu mu shingo. Itakuwa ya padri?”

“Imeng'oa nguzo ya serikali.”

“Hii?” Alimgeukia mbuzi, akamtazama, akanigeukia mimi. “Bwana, hii haing'oe hata jani ya muhogo bila kupumuzika. Kwanza umuangalie mu macho.”

Nilimwangalia mbuzi machoni. Naye akaniangalia. Nadhani kati yetu wawili ndiye aliyekuwa na mashaka yenye msingi. Bomba lililomeza udongo mara tatu ya kimo changu lingewezaje kuvutwa na mnyama anayefika gotini? Sikujiuliza. Niliandika taarifa kwenda Fizi: nguzo imenyanyuliwa na mbuzi.

Mkubwa wetu huko alikuwa muhandisi Mzungu ambaye hakuwahi kumgombeza mtu kwa mdomo. Alitumia kalamu nyekundu. Taarifa yangu ilirudi na maneno mawili pembeni: “Mbuzi gani?” Nami, kwa bidii ya mtu aliyesoma, nikajibu: mweusi, mwenye doa jeupe kwenye goti la kushoto. Muhandisi aliwasomea makarani jibu hilo. Wiki haikwisha, nikawa Bwana Mbuzi toka Fizi mpaka Mboko.

Mama Atosha aliambiwa afunge mbuzi wake pengine. Nguzo nilijaribu kuirudisha kwa nyundo. Ilikataa, kama ilivyofundishwa. Na rejista ilisema kichwa cha nguzo kiko sawa na nchi. Basi nikachukua msumeno wa chuma nikaikata mpaka ikawa sawa na nchi. Nilijiona mtu mwenye akili sana siku ile.

“Hicho kipande unatupa?” Mama Atosha aliuliza.

“Chukua.”

Alitazama ndani yake kwa jicho moja, akinicheka waziwazi, akakipeleka jikoni. Kikawa cha kupulizia moto.

Mwaka uliofuata nguzo ilikuwa imetoka tena, kipimo cha unyayo. Hapakuwa na mbuzi karibu. Sikutaka kuulizwa na kalamu nyekundu ni kitu gani sasa, kwa hiyo nilikata bila kuandika. Kipande hicho Mama Atosha alimpa katekista wa kanisa dogo la pale, akakitundika na kukigonga badala ya kengele. Kilikuwa na sauti nzuri.

Mpunga ulizaa sana miaka ile. Baada ya mavuno watu walichoma mabua, na moto uliingia ndani ya udongo wenyewe. Ulifuka moshi wiki nyingi bila kuonyesha ulimi. Akina mama walizika viazi vitamu asubuhi, wakavifukua mchana vimeiva. Mimi nilisimama juu ya udongo unaoungua, nikala kiazi, nikasifu utamu wake, na sikuuliza ule udongo ulioungua umekwenda wapi.

Vipimo vyangu vilitoka safi. Mashamba dhidi ya nguzo: sawa na mwaka jana. Mtaro dhidi ya nguzo: sawa. Ilikuwa lazima viwe sawa, maana kila kiangazi niliishusha nguzo kwa msumeno mpaka ifuate mashamba. Kwenye jiwe sikwenda. Lilikuwa mbali, kilima kilikuwa kikali, na ufukoni Baraka palikuwa na samaki wabichi na mpira wa miguu. Muhandisi aliandika kwa nyekundu: “Vizuri sana.” Karatasi ile niliibeba mfukoni mpaka ikachanika mikunjoni.

Mwaka wa nne tangu Lusambya aipigilie, nilikata shibiri moja. Mama Atosha alikuja kuchukua kipande chake kama mtu anayekuja kuchukua barua, akakipigilia nyuma ya nyumba, akamfunga mbuzi. Ndiyo, mbuzi yuleyule. Halafu akanishika mkono wa shati.

“Bwana Mbuzi, nyumba yangu iko inapanda.”

“Nyumba haipandi, Mama.”

“Kuja uone.”

Kweli, chini ya ukuta palikuwa na nafasi, na kuku walipita humo bila kuinama. Niliwahi kusikia panya wanachimba, nikasema panya.

“Panya,” alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. “Sawa. Lakini hii nyumba imezeeka. Mi nataka kujenga ya matofali ya kuchoma, hapahapa. Kama maji ya mutoni itafika, nihamie kule juu kwa kaka yangu. Kama haifike, nibaki karibu na shamba. Weye njo unaangalia mu kile kioo. Niambie.”

Nilifungua rejista. Niliona kimo cha mto wakati wa mvua, alichokipima Lusambya toka kwenye jiwe, nikaona kimo cha uwanja wake kilivyoandikwa dhidi ya nguzo. “Baki, Mama,” nilisema. “Hata mvua kubwa ikija, maji hayatakufikia.”

Akajenga. Alifinyanga matofali yeye na dada zake, wakachoma tanuri mbili, na mvua za mwaka ule zilikuwa haba, hazikunikosoa. Nyumba ilikuwa nzuri. Alinionyesha dirisha lenye vioo, akasema ni mimi niliyelileta.

Kiangazi cha tano maji yalisimama mtaroni. Muhandisi alikuja mwenyewe toka Fizi, akatazama karatasi zangu nzuri, akaamua mtaro uchimbwe zaidi. Tena kulikuwa na familia kumi za Lubondja zitakazoletwa kulima. Nyumba zao zipangwe mstari mmoja na ya Mama Atosha, na mimi nipige mambo, yaani vigingi, ya kuonyesha mstari. Wangeshuka kabla ya mvua.

Nilipokuwa nikipiga mambo hayo nilitupa kapi la mpunga ndani ya mtaro, bila sababu, kama mtu anavyotupa kitu majini. Kapi likaondoka taratibu kuelekea mashambani. Rejista ilisema maji yaende ziwani, lakini maji hayakuwa yameisoma. Nilishuku nivo, nikaikagua: kipovu kizima. Nikashuku watu wa fimbo, wakakasirika. Nilifika hatua ya kulishuku ziwa. Mtu pekee ambaye sikumshuku alikuwa amevaa viatu vyangu.

Mama Atosha alikuwa uani, ameanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, juu ya mkeka. Alinisikia nikibishana na watu wangu juu ya nani ameharibu vipimo.

“Bwana Mbuzi, kuja hapa. Asubui nilimwanga kikapo hii. Ilijaa mpaka ku mudomo.” Akazikusanya zile ndagala zilizokauka, akazirudisha ndani ya kikapu. Zilifika nusu. “Nani ameiba?”

“Hakuna aliyeiba, Mama.”

“Mbuzi?”

Watu wa fimbo walianza kucheka kabla yangu.

“Ni maji imetoka,” nilisema.

“Ah! Kumbe unajua. Na hii nchi, shiye tumetoa maji yake miaka ngapi? Na ile inabaki tunaichoma.”

Nilikaa chini, palepale, karibu na samaki. Nakumbuka niliendelea kuzishika ndagala moja moja kana kwamba mojawapo ingenitetea. Nchi tuliikausha, ikajibana kama samaki; kilichobaki kikavu kikaoza, kikaungua, kikapeperuka. Nguzo ya Lusambya haikuwahi kupanda. Ilibaki ilipoambiwa ibaki, na sisi wote, mashamba, mbuzi, Bwana Mbuzi na rejista yake, tulikuwa tukishuka kando yake.

Kesho yake nilikwenda kwenye jiwe. Nilipima toka juu ya kilima mpaka bondeni siku nzima, hatua arobaini kwa hatua arobaini, bila kula. Kichwa cha nguzo kilikuwa chini ya namba ya Lusambya kwa kimo cha toka nyayoni hadi kiunoni. Nilijua kiasi hicho kimekwenda wapi: nilikikata kwa mkono wangu. Halafu nikapima uwanja wa Mama Atosha, nikalinganisha na alama ya mto wakati wa mvua kubwa. Maji yangefika kwenye vioo vya dirisha.

Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko kilima.

“Mama, lile jibu nililokupa mwaka jana.”

“Gani?”

“La nyumba.”

Alitazama ukuta wake. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. “Sikuuliza padri,” alisema. “Sikuuliza muganga. Niliuliza weye.”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi bale batu ya Lubondja, uende uzuie basishuke. Hiyo kwanza; mi nitakukasirikia nyuma.”

Muhandisi alikuwa bado kwenye nyumba ya wageni ya serikali Baraka. Alinisikiliza, halafu akaweka mezani karatasi zangu za miaka minne, moja baada ya nyingine, zote na maandishi yake mekundu.

“Hii mkono yako?”

“Yangu, Bwana.”

“Hapa nchi haishuke. Hapa haishuke. Sasa mara moja inashuka? Labda nguzo ndiyo inaingia chini. Labda wewe hauone vizuri.”

“Nguzo haikuingia. Mimi niliikata.”

Akaweka kalamu chini. Sikuwahi kuona akiiweka chini. “Mara ngapi?”

“Tatu.”

“Vipande viko wapi?”

Nilitoka mbio. Cha kwanza kilikuwa jikoni, cheusi kwa moshi, na Mama Atosha alikitoa motoni akakifuta kwa kitenge chake. Cha pili katekista alikataa kukitoa mpaka agonge kwanza ya sala ya mchana, akagonga polepole kuliko siku zote. Cha tatu tulimfungua mbuzi, naye akatufuata mpaka bondeni. Sikuwa na hali ya kumfukuza.

Muhandisi alikuwa amesimamisha nivo mwenyewe. Mama Atosha alichomeka tete refu ndani ya tundu la nguzo, nami nikavivisha vipande juu yake, kimoja baada ya kingine: cha mbuzi, cha kanisa, cha jikoni. Nilitaka kuanza na cha jikoni. Yeye alinipiga mkono. “Ya mwisho kukatwa njo inakaa chini. Umesahau hata wizi yako?” Mikato ya msumeno wangu ilikutana meno kwa meno. Nikasimamisha fimbo juu kabisa, nikaishika wima. Kama namba ingepotea, mtaro ungechimbwa, watu wangeshuka, na hakuna mtu ambaye angenisikiliza tena, mimi mwenye taarifa ya mbuzi.

Muhandisi alisoma. Akafungua rejista ya zamani, ukurasa wa Lusambya. Akasoma tena. Tofauti ilikuwa unene wa punje ya mpunga.

Muhandisi alikuja pale nguzoni, akanyoosha kiganja chake hewani, sawa na kichwa cha kipande cha juu, karibu na mkanda wake.

“Nchi ilikuwa hapa?”

“Hapo, Bwana.”

“Mi nilikuwa napita hapo na mbuzi,” alisema Mama Atosha.

Muhandisi akashusha mkono. Halafu akachukua ramani akapiga mstari mwekundu juu ya nyumba kumi zote, na mtaro haukuchimbwa. Juu yangu aliandika maneno ambayo sikuyahifadhi mfukoni. Watu wa Lubondja walijenga kilimani. Nyumba ya Mama Atosha tuliibomoa tofali kwa tofali, na nilibeba matofali kichwani mpaka kwa kaka yake kila jioni baada ya kazi, watu wakisimama kando ya njia kuhesabu safari zangu kwa sauti. Dirisha lilikuja la mwisho. Hakuna kioo kilichovunjika. Hiyo nayo niiandike, maana ni kazi yangu iliyotoka sawa.

Mvua ziliponyesha, mto uliingia bondeni bila kubisha hodi. Nilikuwa nimesimama na Mama Atosha mlangoni pake kilimani. Maji yalifunika alama ya uwanja wake wa zamani, yakapita pale dirisha lingekuwa. Aliangalia, mikono imekunjwa.

“Sasa nimekukasirikia,” alisema. “Imekwisha. Rudisha kipande yangu, moto inakataa.”

Niliomba uhamisho mwaka uliofuata. Sikukimbia, au nilikimbia kidogo. Popote nilipopelekwa baadaye nilianzia kwenye jiwe, hata lilipokuwa mbali, hata palipokuwa na samaki. Nanyi fanyeni hivyo. Vipimo vyenu vikitoka sawa mwaka baada ya mwaka, na mkubwa akawasifu, vaeni viatu mpande kilima.

Mwezi uliopita nilipita Baraka kuaga. Bonde limerudi kuwa mafunjo, na nguzo imo humo ndani mahali, bado inakataa. Mama Atosha amezeeka, vioo vyake vinang'aa. Mbuzi alikufa siku nyingi. Nilipofunga mzigo, Mama aliniletea kile kipande cha tatu, chenye alama ya kamba shingoni.

“Beba,” alisema. “Siku bakikuuliza tena mbuzi gani, ubaonyeshe.”